Saa za Kitabu

Saa moja asubuhi, Yorkton, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
lori la Wendell Prokopchuk linaingizwa gereji likivutwa,
limevaa barafu mpaka kwenye kope za taa.

"Kompyuta inasema sensa ya moshi," anasema Marcy wa kaunta.
"Badilisha. Kitabu kinakupa dakika arobaini na nane."

Sensa hiyo nimeshaibadilisha mara mbili.
Lori huenda Saskatoon na kanola yake, hurudi limenuna,
limejifunga mwendo lenyewe, likitambaa pembeni mwa barabara
kama mtu aendaye kudaiwa.

Kompyuta husema panapouma.
Haisemi kwa nini.
Hata mtoto hushika tumbo
kumbe anaogopa shule.

Basi nalala chali, tochi mdomoni, mita kifuani.
Barafu inayeyuka, inanidondokea shingoni na chumvi yake.
Nafuata waya mmoja, wa kijani, wenye mstari mweupe:
unatoka kwenye bomba la moshi, unaingia katika ala nyeusi
pamoja na wenzake thelathini,
unapanda juu ya gia boksi, unapotea.
Nautikisa hapa. Mita imetulia.
Nautikisa pale. Imetulia.
Saa nne.
Kitabu kilishafunga hesabu yangu kabla ya chai.

"Si uweke sensa nyingine tu?" anauliza Tyrell, mwanagenzi wangu.
"Dhamana italipa."
Nilimjibu vibaya.
Mchana nikamsogezea nusu ya chakula changu,
zile sambusa za kuchemsha za mama mkwe, za viazi,
naye akala bila kuniangalia, na hapo yakaisha.

Ng'ambo ya kioo Wendell amekaa na glavu zake juu ya hita.
Ana daftari. Anapiga hesabu, anafuta, anapiga ileile.
Deni la lori halilali hata lori likilala.
Hajaniuliza lolote tangu asubuhi.
Angeniuliza ningepata wa kugombana naye.

Saa nane na robo. Nyuma ya klachi, mahali pa kupapasa tu,
kidole changu kinakuta utepe wa plastiki
uliokazwa mno, ukaulaza mkungu wote wa waya
juu ya ukingo wa chuma. Chuma kikakereza,
kilomita kwa kilomita, polepole, kama panya mwenye subira.
Naichana ala. Kijani chenye mstari mweupe kiko uchi,
kimeota kutu ya rangi ileile ya kijani.

Nikamulika tena ule utepe.
Mkia wake umekatwa mshazari.
Humu ndani wote hukata wima.
Anayekata mshazari ni mmoja,
na klachi hii niliifunga mimi, mwezi wa tisa, Ijumaa, jioni,
nikiwa na haraka ya saa za kitabu.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema,
lakini hawakusema nguo umeishona mwenyewe.

Nikalehemu. Nikavalisha mpira, nikaupuliza moto ukabana.
Nikafunga upya, nikaacha nafasi ya kidole kupita.
Kisha nikasimama mbele ya fomu yenye mistari mitatu:
Malalamiko. Sababu. Tiba.

Wa kwanza ulishajazwa na Marcy.
Wa tatu rahisi.
Wa kati, kalamu iliganda, ingawa gereji ina joto.
Ningeandika *mtikisiko*, na isingekuwa uongo.

Niliandika: *Utepe ulikazwa kupita kiasi. Na mimi.*
Marcy akasoma, akasoma tena.
"Unajua hii hailipwi?"
"Najua."
"Na zile sensa mbili?"
Sikuwa na jibu la zile sensa mbili.

Wendell nilimwambia mwenyewe, nje, injini ikinguruma.
Alinisikiliza huku akivaa glavu, kidole kimoja kimoja.
"Mwezi wa tisa," akasema, "ulifanya haraka kwa sababu nilikuhimiza."
Sikumbuki kama alinihimiza.
Akapanda, akafunga mlango.

Nilibaki kwenye theluji bila koti
nikisikiliza gia ya pili, ya tatu, ya nne,
mpaka nyuma ya maghala ya nafaka,
mpaka Tyrell akaniita:
kuna jingine mlangoni, taa ya njano inawaka,
kitabu kinasema saa moja na nusu.